Wifi Anayepapasa Almasi

Watu wakisikia kwamba mke wa kaka yangu anafanya kazi na almasi, kitu cha kwanza wanachokitazama ni masikio yake, halafu vidole. Hana hata kipini. Pete ya ndoa huivua kila asubuhi na kuiacha kwenye kisahani jikoni, kwa sababu huchana glovu zake. Mimi nina saluni, na wateja wangu ni watu wa kuuliza: "Wifi yako analala na almasi, na wewe bado unasimama kutwa ukisuka watu?" Huwaambia kwamba almasi ya wifi yangu ni nyembamba kuliko rangi ya kucha wanayopakwa hapa, na haiuziki hata kwa mwizi. Hawaamini, wanadhani nawaficha utajiri.

Nisiseme uongo, alipoletwa nyumbani kwetu sikumpenda. Kaka yangu ni mwoka mikate, mtu wa maneno matatu kwa siku, na mimi nikaona huyu msomi atamkalia kichwani. Siku aliyokuja kunisalimia saluni hakukaa. Alisimama nyuma ya mashine ya kukaushia nywele akaipapasa mgongo polepole, kisha akasema, "Wifi, hii inavuja umeme. Kidogo tu, lakini inavuja." Nikamjibu kwamba mashine ile ina miaka mingi kuliko ndoa yake. Kabla wiki haijaisha ikampiga shoti mteja mwenye mdomo mrefu kuliko wote mtaani, na kwa muda mrefu sikuwa na pa kuficha uso. Wifi yangu hakuwahi kunikumbusha. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, ingawa shingo upande.

Baba yake alikuwa fundi wa redio. Alimpa testa angali mtoto, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, ambayo ukiigusisha penye umeme inawaka. Mwenyewe husema alipimia kila kitu: kitasa cha mlango, sufuria, bomba la maji, na siku moja jirani aliyekuwa amelala kibarazani. Jirani hakuwaka. Kazi anayoifanya sasa, ukimsikiliza yeye, ni ile ile.

Nimefika mahali pake pa kazi mara kadhaa. Ni chumba cha mwisho kwenye ukumbi mrefu wa chuo, hakina dirisha, na mlangoni pameandikwa kwa kalamu nene: TEMBEA KAMA UMEBEBA MAYAI. Unavua viatu, unavaa ndala za mpira. Katikati pana meza nzito ya jiwe iliyokalia miguu yenye hewa ndani, ili mtu akipita nje na visigino vyake meza isitikisike. Juu ya meza kuna hadubini yake. Nilitegemea kuona dude, kumbe ni kitu cha ukubwa wa birika. Haina mahali pa kuwekea jicho, kwa sababu haioni. Inapapasa.

"Ni testa tu, wifi," aliniambia siku ya kwanza. "Ila hii inatembea."

Ndani yake kuna sindano ambayo ncha yake huwezi kuiona hata ukikodoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Sindano inashuka mpaka iguse utando wa almasi, kisha inaburutwa juu yake taratibu, mstari kwa mstari, kama mtu anayechana nywele kutafuta chawa. Kila inapogusa, inapima kama umeme unapita. Kwenye skrini ya kompyuta panachorwa ramani. Penye kupitisha umeme panakuwa njano, penye kukataa panakuwa peusi. Almasi tupu kwa asili yake haipitishi umeme. Lakini ukiitilia boroni kidogo, aina ya kemikali, wakati inaoteshwa maabara, kama unavyotupia chumvi kwenye chungu, inalegeza msimamo. Wifi yangu anataka kujua inalegea wapi: ndani ya chembe zinazounda utando, au kwenye maungio kati ya chembe na chembe. Nilimuuliza hilo linamsaidia nani. Akaniambia vitu kama hivyo vinaweza kupima maji machafu na kufanya kazi penye joto ambapo vifaa vingine hufa. Kisha akaongeza kwamba hata kama visingesaidia chochote, yeye angetaka kujua. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Kitu kimoja kilichonivutia ni kwamba sindano haiendi tu. Inakwenda, kisha inarudi juu ya mstari ule ule, na kompyuta inachora ramani mbili. Kilichoonekana wakati wa kwenda kisipoonekana wakati wa kurudi, wifi yangu hakitambui. Tabia hiyo ameileta mpaka nyumbani. Kaka yangu akisimulia jambo lililotokea kiwandani, mkewe humsikiliza mpaka mwisho, kisha humwambia, "Haya, hebu rudi nalo." Na maskini kaka yangu hurudi nalo. Ndiyo sababu siku hizi anasema maneno mengi zaidi ya matatu. Pale chuoni wanamwita Sindano, na yeye anaitika.

Sasa kuna mzee mmoja ambaye bila yeye stori hii haipo. Wote walimwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa akiotesha zile tando, katika tangi la chuma lenye kidirisha, ambamo gesi huwaka rangi ya zambarau kutwa nzima, naye amekaa mbele yake na chupa ya chai kama mlinzi wa benki. Wifi yangu alikuwa mwanafunzi wake. Alipokuwa bado anasoma, baba yake fundi redio akafariki, na ikawa aache masomo arudi nyumbani. Mwalimu alimfuata hadi msibani, akakaa na ndugu, akazungumza nao mpaka wakakubali arudi. Tangu hapo amekuwa kwake baba, si kwa maneno ya kuvishana vilemba vya ukoka, kwa vitendo. Siku ya harusi yeye ndiye aliyesimama upande wa bibi arusi. Kaka yangu mpaka leo akimuona hujikuta amechomekea shati.

Mwaka ambao Mwalimu alikuwa anastaafu, aliotesha utando wenye boroni kidogo mno, kiasi ambacho wenzake wa vyuo vingine walishasema kwamba hakiwezi kupitisha umeme. Ulitoka mwembamba kuliko yote. Sasa kawaida yao, utando ukitoka kwenye tangi huchemshwa kwenye tindikali kabla ya kupimwa, uondoke uchafu na ile ngozi ya gesi iliyoganda juu yake. Kwa huu, Mwalimu aliogopa tindikali ingeubandua kwenye kibao ulipooteshewa. "Huu usiuoshe," akamwambia wifi yangu, "upime hivi hivi." Wifi akaupima hivi hivi. Ramani ikatoka njano tupu, kwenda na kurudi.

Furaha iliyokuwepo sijawahi kuiona kwa watu wazima walio na akili zao. Mwalimu alikumbatia mpaka mfagizi. Picha ya ramani ile ikakuzwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa kwenye ukumbi wa kuingilia chuoni. Mhadhara wake wa kuaga ukapangwa uwe juu ya utando huo, wageni wakaalikwa, wakiwemo wale wale waliosema haiwezekani. Mzee alikuwa anaondoka kazini kichwa juu.

Zikiwa zimebaki siku chache, wifi yangu aliingia saluni mchana, akakaa kwenye kiti cha wateja, akafumba macho. Huyu ni mtu ambaye kumsuka ni vita, maana hakai. Siku hiyo nilimwosha, nikamchana, nikamgawa mafungu, na hakusema hata "polepole." Nikajua kuna jambo. Nikamwambia msaidizi aende kula.

"Nimekosea, wifi," akasema.

Alikuwa amebadilisha sindano. Wakibadilisha sindano huijaribu kwanza juu ya utando usio na boroni kabisa, ambao lazima utoke mweusi kama kitako cha chungu. Utando wake wa majaribio, uliooshwa zamani, ulikuwa umepasuka. Akachukua mwingine mpya, umetoka kwenye tangi haujaoshwa, akaona kwa kujaribu sindano tu si neno. Ukatoka njano. Njano ile ile ya picha ya ukutani.

"Kitu kisicho na boroni kinapitisha umeme," akasema. "Unaelewa maana yake?"

"Sielewi, nieleze kama unamweleza kaka yangu."

"Ile gesi inaacha ngozi juu ya almasi. Ngozi ikikutana na unyevu wa hewa, umeme unateleza juu yake. Juu tu. Ndani haujaingia. Nimeuosha, ukawa mweusi. Halafu nikakata kipande cha utando wa Mwalimu, nikakiosha. Hakikubanduka."

"Kikawaje?"

"Cheusi. Zimebaki chembe chache tu za njano, moja huku, moja kule."

Nilikaa kwenye kiti cha pili. Jambo la almasi silijui, lakini la mzee kuaibika mbele ya wageni nalijua. Nikamwambia kile ambacho mtu yeyote mwenye huruma angemwambia: funika kombe mwanaharamu apite. Mwache mzee aseme yake, apigiwe makofi, akapumzike, kisha baadaye, taratibu, mtasahihisha. Nani atajua?

"Mimi," akasema. "Nitakuwa nimekaa kiti cha mbele nampigia makofi, huku najua."

"Basi piga makofi polepole."

Hakucheka. "Ingekuwa naogopa kupoteza kazi, ningejua la kufanya," akasema, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Naogopa kumpoteza yule mzee. Baba nilishazika mmoja, wifi. Sitaki kumpoteza huyu angali hai, kwa mdomo wangu mwenyewe. Na nikinyamaza nitampoteza vile vile, kwa sababu sitaweza kumtazama."

Nikammalizia nywele, na nilimsuka vizuri kuliko siku zote, kwa kuwa ndicho nilichoweza.

Jioni ile akakata shauri, akaniomba nimsindikize. Mke wa Mwalimu alitufungulia akiwa na furaha. Sebuleni palikuwa na ubao wa kupigia pasi, na suti ya mhadhara imetandazwa juu yake, suruali tayari imenyooshwa. Tukaambiwa tukae, chai inakuja. Mwalimu akatoka ndani amevaa kandambili, akamwita wifi yangu "mwanangu," akaniuliza saluni inaendeleaje. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Wifi hakusubiri chai. Alitoa picha mbili kwenye bahasha akazilaza mezani, ya utando wa mzee usiooshwa na ya ule ule uliooshwa, akaeleza kila kitu kwa sauti ndogo iliyonyooka, bila kujitetea.

Mzee akavaa miwani. Alizitazama muda mrefu.

"Sindano ilikuwa mpya?"

"Mpya, Mwalimu."

"Umerudia?"

"Nimerudia. Mahali tofauti tofauti, kwenda na kurudi."

"Tindikali uliichemsha mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akavua miwani. Uso ulikuwa umemshuka, kama mtu aliyeambiwa bei ya dawa. "Na mhadhara ni wiki hii," akasema, si kwa ukali. Kisha akazichukua zile picha, akainuka, akaingia chumbani na kufunga mlango. Mkewe alibaki amesimama na sinia mkononi. Aliliweka chini, akazima pasi, akatuambia, "Nendeni tu, wanangu." Tulitoka bila kunywa chai. Njiani wifi yangu aliniambia amemvua mzee nguo mbele ya mkewe.

Siku zilizofuata Mwalimu hakutokea chuoni. Simu hakupokea. Mkewe alipokea mara moja akasema mzee yupo, anasoma, hataki kuongea. Nilidhani wifi yangu ataugua. Badala yake kila asubuhi aliamka, akavua pete, akaenda kwenye chumba chake akapapasa zile chembe chache za njano, moja baada ya nyingine. Nilimuuliza anatafuta nini tena huko kwenye msiba. Akasema hata kama mzee hatamsemesha tena, kazi yake haiwezi kuachwa nusu. Mimi ningejifunika shuka nikageukia ukutani. Ndiyo maana mimi siandikwi na mtu, na yeye namwandika.

Siku ya mhadhara nilifunga saluni. Kaka yangu alivaa koti lililokuwa likimtosha zamani. Tulipoingia kwenye ukumbi wa mbele nikatazama mahali pa ile picha, pakawa na msumari mtupu. Wifi naye akauona. Akapita hadi ukumbi wa mhadhara, akakaa mstari wa mbele mahali alipopangiwa, mikono mapajani.

Mambo yakaanza kwa makabidhiano. Mkuu wa chuo akatangaza kwamba maabara sasa itakuwa chini ya mwanafunzi wake Mwalimu, akamwita wifi yangu jukwaani. Mwalimu, ndani ya ile suti, akatoa kishada cha funguo mfukoni, akamkabidhi. Hakumtazama. Watu wakapiga makofi, na mimi nikaona jinsi shingo ya wifi yangu ilivyokaza alipokuwa akirudi kukaa.

Kisha mzee akasimama peke yake, akawasha picha ya kwanza. Njano tupu, ukuta mzima.

"Hii mmeiona pale mlangoni," akasema. "Niliiondoa jana usiku, kwa sababu haisemi kweli."

Akaeleza ile habari ya ngozi na unyevu, polepole, mpaka mimi mtu wa saluni nikaielewa upya. Akaonyesha picha ya pili, nyeusi, na zile chembe zake chache. "Hivi ndivyo utando wangu ulivyo. Kosa ni langu mimi. Nilikataza usioshwe, kwa kuwa niliupenda mno."

Nilishusha pumzi. Nikafikiri yamekwisha, tena kwa heshima. Kumbe sikumjua wifi yangu. Alisimama mbele ya watu wote wale.

"Samahani, Mwalimu. Si kosa lako. Picha nilipiga mimi."

"Ulipiga nilichokupa."

"Nilitakiwa kupima kwanza kisicho na boroni, ambacho hakijaoshwa. Sikupima. Hiyo ilikuwa kazi yangu, si yako."

"Nilikwambia uharakishe."

"Mimi si mtoto wa kuharakishwa, Mwalimu."

"Kaa chini, mwanangu."

"Sikai mpaka useme ukweli wote."

Nimeona watu wakigombea kiwanja. Nimeona watu wakigombea mume, tena ndani ya saluni yangu, na vitana vikirushwa. Lakini watu wawili wazima kusimama mbele ya wageni na kunyang'anyana kosa, kila mmoja akidai ni mali yake, hilo sikuwahi kuliona. Mkuu wa chuo hakujua atazame wapi. Kaka yangu akaniinamia sikioni, akasema, "Wanafanana hawa." Mgeni mmoja, katika wale wa chuo kingine waliokuwa wakipinga, akaanza kucheka, lakini kwa namna nzuri, akasimama akauliza kama wanaweza kugawana nusu kwa nusu ili watu wasikie habari ya zile chembe chache. Ukumbi mzima ukacheka. Mzee akamtazama wifi yangu, kwa mara ya kwanza tangu ile jioni ya pasi.

"Nusu," akasema.

"Nusu," wifi akajibu, akakaa.

Habari ya zile chembe ilichukua muda uliobaki wote. Mzee alikiri hajui kwa nini hizo zinapitisha na majirani zake hazipitishi, na wageni wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kwa raha kama watu waliotupiwa karata mpya.

Baadaye, watu walipokuwa wakitawanyika kwenye uwanja wa magari, Mwalimu alitufuata akitembea taratibu. Alisimama mbele ya wifi yangu, na mimi nikajitia natafuta kitu kwenye mkoba, huku masikio nimeyatega.

"Sikupokea simu zako," akasema, "kwa sababu nilikuwa natafuta kosa kwenye picha zako. Siku zote hizi, usiku na mchana. Nilitaka sana uwe umekosea. Sikuliona."

Akautazama mkoba wa wifi yangu.

"Funguo sina tena. Kesho unafungua saa ngapi?"

Wifi akatoa kile kishada mkobani, akaanza kuchomoa ufunguo mmoja ampe. Mzee akaushika mkono wake, akaufunga juu ya funguo.

"Acha," akasema. "Mimi nitabisha hodi kama wengine. Wewe unifungulie tu."

Wifi yangu alilia pale pale, mbele ya wageni na madereva wao. Nami nikalia. Kaka yangu akaenda kukagua matairi ya gari ambalo halikuwa letu.